Mota ya Flapu Inapogoma: Tuanze Kupima Wapi?



Mada yangu inahusu mota moja ndogo tu: ile inayoshusha na kupandisha flapu kwenye ndege ambazo watu hujijengea wenyewe. Nachukua mfano wa Marekani kwa kuwa ndege hizi zimejaa huko. Sheria yao inamruhusu mtu kuunda ndege kwa elimu au burudani yake, mradi sehemu kubwa ya kazi isifanywe na kiwanda. Kwa hiyo ndege mbili za muundo mmoja huweza kusimama hanga moja na nyaya zao zisifanane hata kidogo. Mchoro wa umeme, kama upo, mara nyingi uko kichwani mwa mwenye ndege.

Niliwahi kuitwa kwenye hanga moja huko Wisconsin. Mwenye ndege, mzee mstaafu, alikuwa ameshaagiza mota mpya. "Ukiigonga kwa mpini wa bisibisi, inakwenda," alinieleza, kana kwamba hilo limemaliza kesi. Kumbe kugonga hutikisa vitu viwili kwa mpigo: kaboni zilizo ndani ya mota, na plagi iliyo nje yake. Ni ipi iliyoamka?

Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea. Tunachomoa plagi, tunapima kwa mita, tunaona volti 12, tunahukumu kwamba nyaya ni nzima. Mita haili umeme wa maana. Hata waya uliobakiza uzi mmoja utaionyesha volti zote. Mimi huchomeka balbu ya taa ya mbele ya gari, wati 55, mahali pa mota. Hiyo inakula zaidi kidogo ya ampea 4. Siku ile iliwaka vizuri, kushuka na kupanda, na volti hazikuanguka. Basi swichi, fyuzi, relei na ethi vikawa havina hatia. Ingefifia, ningeanzia kwenye ethi, kwani bolti iliyofungwa juu ya rangi au alumini iliyoota kutu nyeupe hupitisha umeme kwa kusuasua.

Tulifungua mota. Grisi ya giaboksi ilikuwa imetambaa na shafti hadi kwenye kaboni, ikachanganyika na unga wake, ikawa uji mweusi kama masizi ya sufuria. Kaboni moja ilikuwa imenasa kwenye kishikizo chake. Tulisafisha kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi, tukahakikisha springi inaisukuma bila kukwama. Lakini sili iliyopitisha grisi ilikuwa bado ile ile, kwa hiyo mota mpya aliyoagiza haikuwa hasara.

Dalili nyingine nizitaje kwa kifupi. Flapu zikishuka lakini zisipande, usiguse mota; tafuta relei au swichi ya upande huo. Zikishuka vizuri ardhini na kulegea angani, kumbuka kwamba upepo unazisukuma juu: ama mota haipati volti za kutosha, ama imechoka, ama rubani anazishusha kwa kasi iliyozidi ile inayoruhusiwa. Fyuzi ikikatika, usiweke kubwa zaidi. Tafuta kinachokwama.

Jambo linalonitia hofu si la umeme hata kidogo. Kwenye ndege ile, skrubu ya mota husukuma mhimili mmoja wenye flapu zote mbili. Kichwa cha skrubu hiyo kikijifungua taratibu kwa mtikisiko, flapu zote zitarudi juu ghafla, na rubani yuko chini akikaribia kutua. Kwa hiyo kabla ya kurudisha kifuniko, nilitazama nati na waya wa usalama kwa tochi. Kisha tulishusha na kupandisha flapu mara kumi, mikono yote ikiwa mbali, mzee akihesabu sekunde kwa saa yake na kuziandika kwenye daftari la ndege, kushuka upande huu, kupanda upande ule.