Kuonja Mvinyo Mwekundu katika Kiwanda cha Ukoo

(Mazungumzo mbele ya makatibu na wanachama wa vyama vya msingi)



Katika jimbo la Piemonte, kaskazini-magharibi ya Italia, kipo kijiji kiitwacho Barbaresco. Wakazi wake hawafiki elfu moja, nacho kimekaa juu ya kilima kinachoutazama mto Tanaro, na mnara wake wa kale huonekana toka mbali. Kijiji hicho kinastahili kuzungumzwa mbele ya wanaushirika kwa sababu viwanda vya mvinyo vya ukoo, ambavyo baba humrithisha mwana, vimesimama hapo karibu na kiwanda cha ushirika cha wakulima wadogo. Vyote hutumia zabibu ya aina moja, chini ya sheria moja, na vyote huuza katika masoko yale yale ya ng'ambo. Ukoo wa Gaja, kwa mfano, ulianza kazi hiyo mwaka 1859.

Mgeni aliyekuja kuonja mara nyingi huanzia shambani. Huko huonyeshwa mizabibu ya Nebbiolo, jina ambalo wengi hulihusisha na neno la Kiitalia lenye maana ya ukungu, kwa kuwa zabibu hiyo huchelewa kuiva, na huvunwa yapata Oktoba, majira ambayo ukungu hulala mabondeni. Nebbiolo hupewa miteremko inayoelekea kusini, ambako jua la nchi zile hupiga zaidi na theluji huyeyuka mapema. Dolcetto na Barbera hupata sehemu zilizobaki. Mavuno ni mara moja tu kwa mwaka. Mizabibu ya Dodoma, ambayo haijui baridi ya theluji, huweza kuvunwa mara mbili.

Jambo moja humshangaza kila mkulima aliyezoea kuhesabu magunia. Wakati wa kiangazi mwenye shamba hupita kati ya safu na kukata vichala vibichi, akaviangusha chini vioze. Hupunguza mazao yake kwa mkono wake mwenyewe, ili vichala vichache vilivyobaki vipate utamu na nguvu yote ya mti. Hakuna msimamizi aliyemwamuru. Anajua kwamba mvinyo utakaotoka utabandikwa jina la baba yake.

Kiwandani kazi ni rahisi kueleza, ingawa si rahisi kuifanya. Zabibu huondolewa vikonyo, hupondwa, kisha huachwa zichachuke pamoja na maganda yake. Maji ya zabibu nyingi nyekundu hayana rangi. Wekundu hutoka katika ganda, pamoja na ule ukakasi unaokausha ulimi kama ndizi mbichi. Hamira hula sukari na kutoa kileo. Maganda huelea juu kama kifuniko, na lazima yaloweshwe mara kwa mara, ama sivyo mvinyo huharibika. Baada ya hapo hukamuliwa na kuwekwa katika mapipa ya mwaloni. Koo nyingine hushikilia mapipa makubwa ya kizamani, nyingine zimechukua mapipa madogo ya Kifaransa ya lita 225, na ugomvi juu ya mapipa hayo uliwahi kutenganisha baba na mwana. Sheria yenyewe haiingii katika ugomvi huo. Hudai tu kwamba mvinyo uitwao Barbaresco ukae miezi 26 kabla ya kuuzwa, na miezi 9 kati ya hiyo iwe ndani ya pipa.

Miezi 26! Hapa katibu anayejua taabu ya wanachama wanaongoja malipo atasimamisha kalamu. Ukoo hula nini muda huo wote? Huuza Dolcetto, ambao hunywewa ukiwa mchanga, na huishi kwa mvinyo wa miaka iliyopita. Mkulima mwenye robo shamba asiye na ghala wala mapipa hakuwa na njia hiyo. Zamani aliuza zabibu zake kwa mnunuzi, naye mnunuzi ndiye aliyetaja bei.

Ndipo wageni huketi mezani. Huanza na mvinyo mwepesi, Dolcetto, halafu Barbera, na Nebbiolo huja mwisho, kwa maana ukakasi wake ungefunika mingine. Bilauri huinamishwa juu ya kitambaa cheupe ili rangi ionekane. Nebbiolo huwadanganya wengi hapo, maana rangi yake ni hafifu ilhali nguvu yake ni kubwa. Kisha bilauri huzungushwa, hunuswa, na waonjaji hutaja harufu ya waridi na ya lami. Mwisho hupigwa funda dogo, huvutwa hewa kwa mdomo kwa mvumo, na kutemwa ndooni. Waliopata kuwaona waonjaji wa kahawa mjini Moshi hawatacheka, kwani ni kazi ile ile. Na yule ambaye dini yake haimruhusu kileo hapotezi safari yake; jicho na pua vitamfundisha mengi.

Kiwanda cha ushirika kina hadithi yake. Mwaka 1894 Domizio Cavazza, mkuu wa shule ya kilimo cha mizabibu mjini Alba, aliwakusanya wakulima tisa wakatengeneza mvinyo kwa pamoja na kuupa jina la kijiji chao. Ushirika huo ulifungwa wakati wa utawala wa Ufashisti. Mwaka 1958 padri wa kijiji, Don Fiorino Marengo, aliwaunganisha wakulima 19 wakaanza upya, na mvinyo wa miaka mitatu ya kwanza uliandaliwa chini ya kanisa. Leo wanachama ni kama hamsini.

Lakini ushirika hupata wapi jicho la baba mwenye shamba? Huko waliliweka katika masharti. Mwanachama huleta Nebbiolo yake yote, wala hawezi kuuza nzuri kwa mlanguzi na kuwapelekea wenzake mabaki. Na halipwi kwa uzito peke yake, ila kwa ubora pia, utamu wa zabibu ukipimwa. Aliyekata vichala wakati wa kiangazi huiona faida yake katika malipo. Zabibu za miteremko mashuhuri, kama Asili, Rabajà na Montestefano, katika miaka mizuri hutiwa katika chupa zenye jina la mteremko huo. Mwaka ukiwa mbaya, zote huchanganywa.

Ukali wa masharti hayo ulionekana hekima mwaka 1986, wakati wafanyabiashara fulani wa Italia walipotia sumu ya methanoli katika mvinyo wa bei rahisi ili kuongeza kileo. Zaidi ya watu ishirini walifariki. Nchi za nje zilizuia mvinyo wa Italia bila kuuliza nani mkosefu, na mauzo ya nje yalianguka hata kwa wale ambao hawakuwahi kugusa methanoli.

Mgeni akimaliza kuonja katika nyumba ya ukoo, hutembea hatua chache tu kufika kwenye kiwanda cha ushirika. Hununua chupa moja kila mahali. Bei ya ushirika ndiyo nafuu zaidi, na wajuzi wengi, wakifunikiwa lebo, hushindwa kusema ipi ni ya nani.