Mwendo wa Polepole



Daktari alipoona damu yetu imepanda, alituagiza tutembee kila siku. Sisi tulizoea gari. Tena Eldoret iko juu ya uwanda wa Uasin Gishu, karibu mita 2,100 kutoka usawa wa bahari, na mgeni wa kutembea huishiwa pumzi upesi. Basi tulichagua njia tambarare za udongo, kupita nyumba za Langas hadi mashamba ya mahindi. Mbwa wetu tulimfunga kamba, watoto wasiogope. Tulianza na nusu saa.

Mbwa alisimama kwenye kila kichaka, nasi tukasimama. Siku ya tatu mama mmoja mjane, mshiriki wetu, akatuamkia: "Mchungaji, tangu nifiwe nakuona ukipita na gari tu." Hatukuwa na jibu. Tuliketi mlangoni pake, tukamsikiliza.

Katika Luka 24 wanafunzi wawili wenye huzuni walikwenda Emau, kama kilomita 11 kutoka Yerusalemu. Bwana aliyefufuka hakuwapita. Alikwenda nao kwa mwendo wao.

Ndugu, juma hili tunampita nani?

Tuombe. Ee Bwana, utupunguzie haraka, utuongezee upendo. Amina.