UVIMBE USIOUMA
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Mweiga)



Nimeombwa nieleze habari ya ugonjwa ulionipeleka Nairobi. Nitasema wazi, kwa sababu nilichelewa miaka 2, na sababu ni moja tu: haukuniuma.

Mnajua nina meno ya bandia ya juu. Siku moja niliona hayakai sawasawa. Nikapapasa kwa ulimi, nikakuta uvimbe mgumu kwenye kaakaa, mdogo kama punje ya kahawa. Nikadhani meno yamenichubua. Ulikuwa msimu, mashine za kumenya kahawa zinanguruma usiku na mchana, nani angeniruhusu? Nikayakwaruza meno kwa tupa ya kiwandani, nikaendelea na kazi.

Baadaye daktari wa meno kule Nyeri alikata kipande kidogo cha nyama, kikaangaliwa kwa hadubini. Jibu: kansa ya tezi ndogo za mate. Mimi nilijua tezi kubwa tu, za mashavuni na chini ya taya. Kumbe tunazo ndogo ndogo 600 hata 1,000, zimetawanyika midomoni, mashavuni na kwenye kaakaa.

Kansa hii ni adimu. Madaktari waliipambanua na nyingine miaka ya 1983 na 1984, wakaiita ya daraja la chini, maana hukua polepole na mara chache huenda mbali mwilini. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliyaondoa maneno hayo katika jina lake, kwa kuwa si zote zilizo pole. Hupenda kufuata mishipa ya fahamu, tena huweza kurudi baada ya miaka 10 au zaidi. Wala uvimbe wa tezi za mate si mgeni Afrika Mashariki. Madaktari Davies, Dodge na Burkitt waliandika juu ya wagonjwa wa Uganda mwaka 1964.

Dawa yake ni kisu. Walikata sehemu ya kaakaa, likabaki tundu linalozibwa kwa kibao cha plastiki. Nikikitoa, chai hunitokea puani. Chekeni tu, hata mke wangu alicheka. Lakini daktari aliniambia ningalikwenda mapema tundu lingalikuwa dogo.

Sasa habari ya mshahara. Nikiwa hospitalini, karani wa shamba moja, silitaji, aliniandika mtoro. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 inasema mtu aliyefanya kazi miezi 2 mfululizo, akiugua na kuonyesha cheti cha daktari, apate kila mwaka siku 7 kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu mshahara, zisipungue hapo. Cheti changu kilikuwa mfukoni, sikujua kazi yake! Katibu wa tawi alikipeleka ofisini, nikalipwa.

Jumatatu ninarudi Nyeri kuangaliwa. Aliye na uvimbe au kidonda kinywani kilichopita wiki 3, hata kama hakiumi, na aje twende pamoja. Nitakuwa kwenye steji ya Mweiga saa 12 asubuhi.