Kampala: Mitaa ya Chini na Lugha ya Askari

Barabara ya Kampala hupita katikati ya mji mkuu wa Uganda na kuugawa mji huo sehemu mbili. Upande wa juu, unaopanda kuelekea kilima cha Nakasero, yako mabenki, ofisi za serikali, Bunge na mahoteli makubwa, na watu hutembea bila kusukumana. Upande wa chini, unaoteremka kuelekea mfereji wa Nakivubo, ndiko riziki ya mji inakotafutwa. Huko kuna stendi kongwe ya mabasi madogo, ambayo wenyeji huyaita teksi. Kuna Kikuubo, jina ambalo kwa Kiganda lina maana ya kichochoro, na ambako bidhaa za jumla hupakuliwa na kupakiwa mchana kutwa. Kuna soko la Owino, ambalo jina lake rasmi ni Mtakatifu Balikuddembe, lenye marundo ya mitumba yapitayo kimo cha mtu.

Mapema asubuhi wapagazi hupita na marobota vichwani wakipiga kelele za kuomba njia, na ole wake asiyesikia. Wapika chapati huwasha majiko yao na kukunjia mayai ndani ya chapati, chakula ambacho mji mzima hukiita rolex, kama ile saa ya matajiri. Madereva wa bodaboda hugombea abiria. Majengo mapya ya ghorofa yamegawanywa vyumba vidogo vidogo vya biashara, kila chumba na mwenyewe, na wengi wa wenyewe hao ni wanawake wanaofuata bidhaa mpaka Dubai na Guangzhou. Mvua kubwa ikinyesha, Nakivubo hufurika, na mwenye duka la chini husimama mlangoni na ndoo.

Wasikilizaji walio vikosini na vituoni wana sababu ya pekee ya kuitazama mitaa hiyo, kwa kuwa Kampala yenyewe ilianza kwa kambi. Desemba 1890, Kapteni Frederick Lugard, aliyetumwa na kampuni ya Kiingereza iliyokuwa ikitafuta himaya, alipiga kambi juu ya kilima kimoja karibu na makao ya Kabaka. Mwaka uliofuata akawachukua kazini askari wa Kisudani, mabaki ya jeshi la Emin Pasha. Miji mingi ya Afrika Mashariki ina nasaba ya namna hiyo. Hata Kariakoo ya Dar es Salaam jina lake lilitokana na kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Lakini katika Kampala askari hakuishia kuwa jina la mtaa. Mara kwa mara aliteremka kilimani kuja dukani, na kila aliposhuka aliacha neno la Kiswahili nyuma yake, maana Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya jeshi.

Tarehe 4 Agosti 1972, akizungumza na askari katika kambi ya Tororo, Idi Amin alitangaza kwamba Waasia wenye pasi za Uingereza wangepaswa kuondoka nchini, nao wakapewa siku 90. Walipoondoka, maduka ya mitaa ya chini yaligawiwa, na mengi yakaangukia mikononi mwa wanajeshi na jamaa zao. Inasimuliwa hadi leo kwamba baadhi ya wenye maduka hao wapya waliuza mashati kwa kufuata tarakimu iliyoandikwa kwenye ukosi, wakidhani kwamba hiyo ndiyo bei. Bidhaa zilipokwisha rafuni hakuna aliyejua zilikuwa zikiagizwa kutoka wapi. Sukari, chumvi na sabuni zikawa vitu vya kunong'onezana. Matajiri hao wa ghafla wakapewa jina la mafuta mingi. Sarufi ya jina hilo ina kasoro, lakini maana yake haikumpotea mtu. Biashara ya kificho nayo ikaitwa magendo, na mwaka 1975 serikali ya Amin ikaunda mahakama ya kijeshi ya kuhukumu makosa ya uchumi. Magendo hayakupungua. Yangepungua vipi, ikiwa miongoni mwa wenye magendo walikuwamo watu wa serikali hiyo hiyo?

Kisha vikaja vita. Majeshi ya Amin yalivamia Kagera mwaka 1978, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikawa mikononi mwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania na wapiganaji wa Uganda waliokuwa pamoja nalo. Watu walitoka majumbani wakawashangilia, na Waganda wakawaita askari wale bakombozi, yaani wakombozi, neno la Kiswahili lililovikwa kiambishi cha Kiganda. Kwa watu waliozoea kukisikia Kiswahili kwenye vizuizi vya barabarani tu, hilo halikuwa jambo dogo.

Lakini historia haina budi kuelezwa yote. Katika siku zile zile maduka ya mitaa ya chini yalivunjwa na umati wa watu, na wala si siri kwamba wapo askari waliojitia katika uporaji huo. Mfanyabiashara ambaye alikuwa amenusurika miaka minane ya Amin aliamka akakuta hata makabati yameng'olewa. Askari wa mwisho wa Tanzania waliondoka Uganda mwaka 1981 wakiwa wameacha sifa ya ukombozi, na pia kumbukumbu hiyo nyingine, ambayo ni ndogo kuliko ya kwanza lakini haijafutika.

Katika utawala wa pili wa Milton Obote likazuka neno jingine: panda gari. Askari waliuzingira mtaa, wakawapandisha watu kwenye malori na kuwapeleka kuchujwa, na wengine hawakurudi. Amri ya maneno mawili ikawa jina la kipindi kizima. Mzazi wa Kampala wa miaka hiyo hakuhitaji kamusi ili kulifahamu.

Baada ya majeshi ya Yoweri Museveni kuitwaa Kampala tarehe 26 Januari 1986, mitaa ya chini ilianza kujaa tena, polepole, kisha kwa kasi. Katika miaka ya 1990 majengo mengi yaliyonyang'anywa yalirudishwa kwa Waasia wenyewe au warithi wao. Wakati huo huo, watu waliokuja kutoka vijijini walitandika turubai mahali popote palipopatikana nafasi ya kuweka mguu. Ikatokea miji miwili juu ya ardhi moja: mmoja wa wenye leseni na kodi ya pango, na mwingine wa wenye turubai.

Mwaka 2011 mji uliwekwa chini ya Mamlaka ya Jiji Kuu la Kampala, na Jennifer Musisi akawa mkurugenzi mtendaji wake wa kwanza. Barabara zilitengenezwa, mapato ya jiji yakaongezeka, na wachuuzi wakafukuzwa kwenye njia za miguu. Hapana shaka kwamba njia ya miguu ni ya mpita njia, na mwenye duka anayelipa kodi ana haki ya kulalamika anapozibiwa mlango. Mwanamke aliyenyang'anywa kapu la ndizi naye ana hoja yake: kapu hilo ndilo mtaji wote, mara nyingi wa mkopo. Mgambo anapolitupa garini hukusanya taka, kwa hesabu ya jiji, lakini kwa hesabu ya mwenyewe amefilisi nyumba.

Machi 2020, wakati wa kuzuia UVIKO-19, Rais Museveni aliagiza wauza vyakula wanaotaka kuendelea na kazi walale sokoni. Wakalala, wakiwa na vyandarua vyao, kando ya mafungu ya nyanya, na mji ukapata chakula. Katika mwezi huo huo askari wa vikosi vya ulinzi wa mitaa, vilivyo chini ya jeshi, waliwachapa fimbo hadharani wanawake wachuuzi katikati ya mji. Picha zilienea. Mkuu wa Majeshi wa wakati huo, Jenerali David Muhoozi, aliomba radhi kwa umma. Kiongozi wa jeshi kuwaomba radhi wauza matunda ni jambo ambalo mtaa huo haukuwahi kuliona katika siku za mafuta mingi. Lakini radhi hiyo haikutosha kuituliza hali. Novemba mwaka huo huo, katika ghasia zilizofuata kukamatwa kwa mgombea urais Robert Kyagulanyi, watu 54 waliuawa nchini kwa hesabu iliyotolewa na serikali yenyewe, na miongoni mwao walikuwamo wapita njia waliopigwa na risasi zisizo zao.

Haifai kusahau kwamba mitaa hiyo humhitaji askari. Tarehe 16 Novemba 2021 mabomu mawili yalilipuka katikati ya Kampala, moja karibu na Kituo Kikuu cha Polisi na jingine karibu na Bunge. Katika hali kama hiyo mchuuzi ni jicho la bure, kwa kuwa anamjua kila anayesimama karibu na kapu lake, na humtambua mgeni kabla ya polisi yeyote. Lakini anayekimbia kila aonapo sare hawezi kuisogelea sare hiyo kuipa habari. Na miezi miwili tu baadaye, Januari 2022, operesheni ya kuwaondoa wachuuzi ilianza upya, kama Dar es Salaam ilivyokuwa imewahamisha wamachinga wake mwaka 2021. Njia zikawa nyeupe kwa muda. Turubai zikarudi jioni, kisha mchana.

Aprili 2024 maduka ya mitaa ya chini yalifungwa tena. Safari hii hapakuwa na jeshi lililoingia wala kundi lililovunja. Wenye maduka walitia kufuli wenyewe, siku kadhaa, kupinga utaratibu wa stakabadhi za elektroniki za kodi, mpaka Rais akakutana nao.

Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda lilikuwa limekubali Kiswahili kiwe lugha rasmi na somo la lazima mashuleni. Watoto wa wachuuzi wa Owino wanatazamiwa kukipata kwanza katika kitabu, kwa mwalimu, kabla hawajakisikia kwenye kizuizi cha barabarani. Kwa wazazi wao ni vingine. Wapo wachuuzi wazee ambao, wakiulizwa bei kwa Kiswahili, hujibu kwa Kiganda hata kama wamefahamu kila neno, kwanza wapate kumtazama vizuri anayeuliza, kama ni mnunuzi au ni askari.