Kijana Anapokabidhiwa Lori kwa Mara ya Kwanza

(Maneno yaliyosomwa na karani, mwanachama wa chama chetu, mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Pioneer, Eldoret)



Kamati imeniomba niseme juu ya jambo lililozua maneno mengi katika kikao kilichopita, nalo ni mikopo tunayowapa vijana wetu ili wapate leseni ya kuendesha malori makubwa. Mzee mmoja aliuliza swali la haki kabisa: ikiwa kijana amekwisha pata leseni, na kampuni imemwandika kazi, mbona baada ya miezi mitatu tunamwona yuko nyumbani, na fedha za chama hazijarudi? Wengine wakashauri mikopo hiyo ikomeshwe.

Mimi si dereva, wala sijapata kuendesha gari lenye tela. Kazi yangu ni ukarani katika ofisi ya uchukuzi. Mimi ndiye niandikaye hati za safari, ndiye nimpaye dereva funguo na kuandika saa aliyotoka. Nimewaona wengi siku yao ya kwanza, na nimewaona wengine siku yao ya mwisho. Nitasema yale niliyoyaona, kisha nitaleta ombi.

Wazee mnajua kuliko mimi kwamba mji huu ulikuzwa na uchukuzi. Kabla reli haijafika hapa mwaka 1924, mizigo ya Sisibo, kama mji ulivyoitwa na wenyeji kwa kuifuata ile namba 64, ilivutwa na magari ya ng'ombe kutoka stesheni ya Londiani, kupitia matope ya Timboroa. Ng'ombe 16 walifungwa nira jozi kwa jozi, na mvulana akatangulia kwa miguu, ameshika kamba ya jozi ya mbele. Leo barabara kuu itokayo Mombasa kwenda Malaba inapita kwetu. Bomba la mafuta lilifika Eldoret mwaka 1994, na malori ya matangi yakaja kupakia hapa. Tarehe 15 Agosti 2024 Eldoret ilipewa hati ya kuwa jiji. Si ajabu basi kijana wa Pioneer akiitazama barabara na kuona riziki yake huko.

Wengi wao huanza kama utingo. Hufunga turubai, hubadilisha magurudumu, hulala chini ya tela kulinda mzigo, na huku wanamtazama dereva mikono na miguu. Baadaye hutafuta leseni, wakipanda daraja kwa daraja mpaka ile ya CE, ya lori kubwa lenye tela. Hapo ndipo fedha zetu huingia. Leseni ile humruhusu kijana kushika usukani. Haimwambii lori atakalopewa lina tabia gani. Na lori atakalopewa, mabwana, kwa kawaida ni lile kuukuu kuliko yote uwanjani. Wenye mali hawataki kumjaribia mgeni gari jipya. Kama karani naielewa hesabu hiyo, lakini matokeo yake ni kwamba mtu mwenye ujuzi mdogo ndiye anayekabidhiwa gari lenye kasoro nyingi.

Yampasa alizunguke kabla ya kuwasha. Atazame matairi yote, hata yale ya ndani yasiyoonekana kwa urahisi. Afungue vizibo vya matangi ya upepo, maji yaliyokusanyika yatoke, kwa kuwa breki za lori kubwa hufanya kazi kwa upepo na maji ndani yake ni adui. Aangalie pini inayoshika tela kama imefungwa barabara. Kazi hii ikifanywa vyema huchukua nusu saa, na katika nusu saa hiyo kuna mtu ofisini anayepiga kelele kwamba meli haingoji.

Kisha kuna mizani. Wengi hapa wamesikia kwamba kwa sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki lori na mzigo wake visipite tani 56. Jambo ambalo mgeni halijui ni kwamba kila ekseli ina kiasi chake pia. Lori laweza kuwa chini ya tani hizo kwa jumla, na bado likazuiwa Gilgil au Webuye kwa sababu wapakiaji walirundika mzigo wote nyuma. Dereva mzee husimama kando wakati wa kupakia na kusema, sogezeni mbele. Dereva mpya hunyamaza, akiona haya kuwaamuru watu wenye umri wa baba yake. Mizani ikikataa, wapakiaji wako kwao wanakunywa chai.

Lakini jambo kubwa ni mteremko, na hapa naomba mnivumilie.

Timboroa iko zaidi ya mita 2,700 juu ya bahari, na Nakuru ni kama mita 1,850. Lori lishukalo kutoka kwetu hupoteza kimo hicho chote katika mwendo wa kilomita mia hivi, likipita Mau Summit, Sachangwan na Salgaa. Njia ya kushuka ni moja: dereva atie gia ndogo kabla ya mteremko kuanza, injini yenyewe ilizuie gari, na breki za miguu azitumie kidogo kidogo. Iko njia nyingine, ambayo madereva huiita kutia gari "frii". Gia huachiwa kabisa, lori likajiendea kwa uzito wake, na mafuta hayatumiki sana. Hapo injini haizuii kitu. Kazi yote huangukia breki. Breki hupata moto. Zikishapata moto hazishiki tena. Akitaka kurudisha gia kwa mwendo ule, gia haiingii. Baada ya hapo dereva ni abiria tu ndani ya gari lake mwenyewe.

Kwa nini mtu afanye hivyo? Kwa sababu mafuta yaliyobaki tangini huuzwa kwa mitungi kando ya barabara. Posho ya safari ni ndogo, na kijana ametoka nyumbani akijua anadaiwa. Anadaiwa na nani? Bwana Mwenyekiti, anadaiwa na sisi.

Sote twayakumbuka mambo ya barabara ile. Tarehe 31 Januari 2009 tangi la mafuta lilianguka Sachangwan, watu wakakimbilia kuchota, moto ukalipuka na kuua zaidi ya watu 100. Tarehe 31 Desemba 2017 basi na lori viligongana Migaa, karibu na Salgaa, wakafa watu 36. Tarehe 30 Juni 2023 lori lilipoteza mwelekeo katika njia panda ya Londiani likaingia katikati ya wachuuzi na abiria waliokuwa wakingoja magari, wakafa watu 52. Sisemi kwamba ajali hizo zilisababishwa na madereva wapya, wala na hiyo "frii". Nazitaja ili mjue ni barabara gani tunayompeleka mtoto wetu.

Kuhusu usingizi nitasema machache. Sheria ya barabara, kama ilivyorekebishwa mwaka 2012, yakataza dereva wa gari la biashara kuendesha zaidi ya saa 8 katika saa 24. Kutoka hapa hadi Mombasa ni kama kilomita 800. Lori lenye mzigo likienda kilomita 50 kwa saa, safari hiyo ni saa 16, yaani siku mbili kamili. Hesabu hiyo hata mtoto wa shule aweza kuifanya. Hata hivyo nimemsikia mzazi akilalamika kwamba mwanawe aliondoka Alhamisi usiku na Ijumaa jioni alikuwa hajafika pwani, kana kwamba amekuwa mvivu. (Na tafadhali, akina mama, tusiwapigie simu wakiwa njiani. Mtoto mwenye adabu hataki kuuacha wito wa mama yake, naye ana tani hamsini mgongoni.)

Sasa nije kwenye swali la mzee wetu, la miezi mitatu.

Yuko kijana wa hapa Pioneer, sitamtaja jina, aliyekuwa utingo miaka minne. Alipata leseni kwa mkopo wa chama hiki na akaandikwa na kampuni ambayo pia sitaitaja. Katika mwezi wake wa tatu alipewa lori la kwenda Malaba. Alilizunguka kama alivyofundishwa, akaona kwamba breki za tela upande mmoja hazishiki. Akasema hatatoka mpaka zitengenezwe. Msimamizi akamwambia kwamba wako watu kumi langoni wanaozitaka funguo zile. Kijana akaziweka mezani. Jioni ile akapewa barua.

Lori lile likaendeshwa na mtu mwingine, nalo likafika Malaba salama.

Nalisema hili kwa makusudi, kwa sababu ndilo lililomwumiza kijana kuliko barua. Kama lori lingeanguka, sote tungemwita mwenye busara. Kwa kuwa halikuanguka, majirani walimcheka. Babake alimwuliza kama anataka kula breki. Na mwisho wa mwezi uleule, mtunza hazina wetu, akifanya wajibu wake bila kosa lolote, alimpelekea barua ya kudai fedha za chama. Mtu anayekataa kutoka na gari bovu hapati ushahidi wa ajali ambayo haikutokea. Ana neno lake tu, na ikiwa nyumbani na chamani neno hilo halina thamani, safari ijayo atatoka na gari bovu.

Sheria inamsaidia kiasi, ikiwa anaijua. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yataka kazi ya miezi mitatu au zaidi iwe na mkataba wa maandishi. Yasema pia kwamba muda wa majaribio usizidi miezi 6, isipokuwa mwenyewe amekubali uongezwe. Na katika muda huo mwajiri aweza kumwachisha kwa taarifa ya siku 7, au malipo ya siku hizo. Ndiyo maana vijana wengi huanguka hapo: bado wako katika majaribio, na kumwondoa mtu wa majaribio ni kazi nyepesi. Kadhalika sheria hiyo haimruhusu mwajiri kukata mshahara kwa uharibifu wowote uliotokea, bali ule ulioletwa na mtu kwa makusudi yake, tena kwa kiasi cha haki; na makato yote kwa jumla yasipite theluthi mbili za mshahara. Nimeona kijana akikatwa bei ya tairi lililopasuka kwa uzee. Hakuuliza kitu, kwa maana hakujua kwamba yafaa kuulizwa. Iko pia sheria ya fidia ya majeraha ya kazini, ya mwaka huohuo wa 2007, na kipo chama cha wafanyakazi cha madereva wa masafa marefu. Wachache sana kati ya wale ninaowapa funguo wamepata kuvisikia.

Upo na mzigo mwingine, ambao hatuuandiki katika vitabu. Kijana akirudi kutoka Kampala, jamaa humngoja mlangoni kutazama ameleta nini. Asipokuwa na mkungu wa ndizi wala noti ya kumpa mjomba, husemwa kwamba lori limempa kiburi. Mshahara wake wa mwezi wa kwanza umekwisha gawanywa kabla hajaupokea. Basi huanza kuchukua abiria wa njiani, ambao bima haiwajui, au huuza mafuta. Wazee wangu, kijana huyu hajazaliwa mwizi. Alikwenda kazini akiwa mwaminifu, na sisi tukamwuliza mbona mikono yake mitupu.

Kwa hiyo siungi mkono shauri la kuikomesha mikopo. Tukiikomesha, vijana watakwenda kwa wakopeshaji wa mjini na wa kwenye simu, ambao hawangoji hata wiki moja. Naomba mkutano huu ufikirie mambo matatu.

Kwanza, marejesho ya mkopo wa leseni yaanze mwezi wa saba baada ya kijana kuandikwa kazi, muda wa majaribio ukiwa umepita. Mtunza hazina ameniambia kwamba hazina yaweza kustahimili, mradi mikopo ya mwaka ujao ipunguzwe kidogo.

Pili, tunao miongoni mwetu madereva waliostaafu, waliozunguka barabara hizi hadi Kigali na Juba. Wawili wao wateuliwe wakae na kila kijana kabla hajatia sahihi mkataba, wausome pamoja neno kwa neno, na wamweleze juu ya mteremko kwa namna ambayo mimi karani siwezi.

Tatu, kijana akiachishwa kazi kwa kukataa gari bovu, aitwe mbele ya wazee na kusikilizwa kabla hajaandikiwa barua ya deni. Akionekana amesema kweli, deni lisimame mpaka apate kazi nyingine. Najua yuko atakayesema kwamba wavivu watajificha nyuma ya kanuni hii. Huenda mmoja au wawili watajaribu. Ndiyo sababu naomba wazee ndio wasikilize, wala si karani.

Kijana niliyemtaja yuko hapa leo, ameketi nyuma karibu na mlango. Bado hajapata kazi, na deni lake liko katika ukurasa wa madeni wa taarifa hii mliyo nayo mikononi. Naomba, Bwana Mwenyekiti, shauri la tatu lipigiwe kura kwanza.