Aliyelipa Hakuulizwa

Wasikilizaji wetu, tukumbuke Aprili 2024. Jumanne moja ya mwezi huo Marcelo Rebelo de Sousa, Rais wa Ureno wakati huo, alisema nchi yake inabeba wajibu wote wa maovu ya ukoloni wake, na kwamba zipo gharama za kulipa. Jumamosi ya wiki hiyo serikali ya nchi hiyo hiyo ikajibu kwamba hakuna mpango wowote wa fidia. Katikati yake, Alhamisi, Lisbon iliadhimisha miaka 50 tangu wanajeshi wachomeke maua mekundu kwenye mitutu ya bunduki na kuuangusha utawala wa mkono wa chuma. Kiongozi wa Chega, chama cha mrengo mkali wa kulia, alisema Rais amewasaliti Wareno. Walibishana wao kwa wao. Aliyelipa hakuulizwa.

Hilo ndilo linalotusumbua. Masimulizi ya maadhimisho yalikuwa yale yale: makapteni wa mapinduzi, maua, wimbo wa redioni. Sisi watu wa redio hatuwezi kuudharau wimbo huo. Ulirushwa na Rádio Renascença baada ya saa sita usiku, ukawa ishara ya vikosi kutoka kambini, na mwimbaji wake, Zeca Afonso, aliwahi kufundisha shule Msumbiji. Lakini makapteni wale walichoshwa na nini? Walichoshwa na vita vya miaka 13 katika makoloni ya Afrika. Angola ilianza mwaka 1961, Guinea-Bissau 1963, Msumbiji Septemba 25, 1964, pale Chai, Cabo Delgado. Vita hivyo vilikuja kumeza karibu asilimia 40 ya bajeti ya Ureno, na vijana wa Kireno wakawa wanatorokea Ufaransa ili wasiletwe kufia huku. Utawala ule ulianguka Lisbon, lakini ulivunjiwa mgongo Afrika. Na Afrika haikuulizwa.

Utawala huo ulianzaje? Jeshi lilipindua jamhuri mwaka 1926, hazina ikiwa tupu. Mwaka 1928 akaitwa profesa wa uchumi kutoka Coimbra, António de Oliveira Salazar, akapewa wizara ya fedha, akasawazisha hesabu. Mwaka 1932 akawa waziri mkuu, na mwaka uliofuata akaandika katiba yake. Kisha chama kimoja, wakaguzi wa magazeti, polisi wa siri wa PIDE, na gereza la Tarrafal huko Cape Verde. Jenerali Humberto Delgado alithubutu kugombea urais mwaka 1958. Mwaka 1965 PIDE walimuua karibu na mpaka wa Hispania. Salazar aliugua mwaka 1968, Marcelo Caetano akashika nafasi yake, vita vikaendelea.

Vikaendelea huku kwetu. Juni 1960, watu wa Mueda, kaskazini mwa Msumbiji, walikusanyika kudai haki zao kwa gavana, wakamiminiwa risasi. Juni 1962, chama cha ukombozi wa Msumbiji, FRELIMO, kikaundwa hapa Dar es Salaam. Februari 3, 1969, kiongozi wake, Eduardo Mondlane, akauawa katika jiji hili hili kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu. Watu wa Nachingwea, kusini mwa Tanzania, waliwalea wapiganaji wa FRELIMO. Sauti ya FRELIMO ilivuka Mto Ruvuma kwa mitambo ya Redio Tanzania. Desemba 16, 1972, askari wa Ureno waliteketeza Wiriyamu, karibu na Tete, wakaua wanaume, wanawake na watoto, na dunia haikujua hadi mapadri walipopeleka habari nje na gazeti la London likazichapa Julai 1973.

Rebelo de Sousa anayajua haya kwa karibu. Baba yake alikuwa gavana mkuu wa Msumbiji kuanzia mwaka 1968 hadi 1970, na ndiye aliyekuwa waziri wa makoloni utawala ulipoanguka. Kwa hiyo kauli yake ina uzito, nasi tunaiheshimu. Ila kauli si faili. Tumekwisha kulisema hili katika kipindi hiki na tutalisema tena: mafaili ya PIDE, pamoja na ya matawi yake ya Afrika, yako Lisbon, katika hifadhi ya Torre do Tombo. Mjukuu wa aliyeuawa Mueda akitaka kujua nani aliandika jina la babu yake, aombe viza kwanza. Waziri Mkuu António Costa aliomba radhi kwa ajili ya Wiriyamu alipokuwa Maputo mwaka 2022. Mafaili yakabaki Lisbon.

Na ushahidi ukifungiwa, dhalimu husafishika. Mwaka 2007, watazamaji wa televisheni ya taifa ya Ureno walimpigia Salazar kura asilimia 41 kuwa Mreno mkuu kuliko wote. Machi 2024 Chega walipata viti 50 bungeni, wakiwa wamechukua kaulimbiu ya enzi zake, Mungu, Nchi na Familia, wakaiongezea Kazi. Wanakumbuka hesabu zilizosawazishwa. Nani atawakumbusha Tarrafal? Nani atawakumbusha Mueda? Aliyelipa hakuulizwa, na sasa anazeeka, anakufa, anazikwa na habari zake.

Basi tusingoje Lisbon. Mwalimu wa Mtwara, mwalimu wa Songea, mwalimu wa Nachingwea, wapeleke wanafunzi wako kwa wazee wiki hii. Simu unayosikilizia kipindi hiki inarekodi sauti: rekodi! Muulize aliyewapikia wapiganaji. Muulize aliyebeba masanduku usiku. Muulize mkimbizi wa Kimakonde alivuka na nani, na nani hakuvuka. Andika majina, andika vijiji, andika miaka.

Na ninyi waheshimiwa wabunge, kila mwaka mnajadili bajeti Dodoma. Simameni! Iulizeni serikali imeomba lini nakala za mafaili hayo, na kama haijaomba, iombe, pamoja na Maputo, Luanda na Bissau. Tusiombe orodha wala muhtasari. Tuombe nakala za mafaili yote.