Tangazo la Msiba Lilipofika Nyarugusu

Leo niwarudishe nyuma kidogo, enzi zile redio moja ilisikilizwa na kijiji kizima, na betri zikichoka zinaanikwa juani.

Mwaka 1989, nikiwa darasa la pili, bibi yetu alifariki kijijini, Shinyanga. Baba mdogo alikuwa Geita, kwenye maduara ya dhahabu ya Nyarugusu, hana simu wala anwani. Baba akapanda baiskeli hadi Posta mjini, akapeleka simu ya maandishi Redio Tanzania, huku akihesabu maneno, maana kila neno lilikuwa na bei yake. Jioni mtangazaji akasoma jina la baba mdogo: popote alipo, habari hizi zimfikie. Kule machimboni aliyesikia ni mama muuza chai, akatuma kijana kumwita. Kesho yake jioni baba mdogo aliingia na vumbi la mgodi nywelini, kaburi halijafukiwa.

Sauti ile ilifikaje? Sauti ya Dar es Salaam ilipoanza mwaka 1951 haikuvuka mbali na mji wenyewe. Ilipofika mwaka 1965 ikaitwa Redio Tanzania Dar es Salaam, na baadaye mitambo ya masafa ya kati ikasimikwa mikoani. Sisi wa Kanda ya Ziwa tulihudumiwa na ule wa Mwanza. Masafa hayo huambaa na ardhi mchana, na usiku hurudishwa na anga za juu, yakafika mbali zaidi. Ndiyo maana sheria ya mwaka 1993 ilipofungua milango kwa redio binafsi, Radio Free Africa ya Mwanza nayo ilitumia masafa ya kati, kilohezi 1377.

Leo Shinyanga na Geita zina redio zao za FM. Ni jambo jema. Zamani tulisikia habari za Dar es Salaam tu. Siku hizi mkulima wa pamba anasikika akieleza bei inavyomuumiza. Lakini FM huishia vilimani, na tangazo la msiba limewekwa kapu moja na tangazo la sabuni: ukilipa linasomwa, usipolipa basi.

Mtasema simu zipo. Zipo, ndiyo. Muulizeni mama ambaye mwanawe aliingia machimboni mwaka wa pili huu, namba haipatikani. Huyo atamtafutia wapi?

Ombi langu kwa wenye vituo ni dogo: dakika tano kila jioni, bila malipo, za misiba na waliopotea. Dhahabu yetu inafika ng'ambo. Habari ya mzazi aliyefariki isishindwe kufika Nyarugusu.

Kwa leo naishia hapa. Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.